Oili ikivuja kwenye injini ya dizeli: chupa ya dawa, silikoni, gasketi mpya au gereji?

Tone la oili unalolikuta sakafuni asubuhi limeshasafiri. Limetoka mahali fulani juu, likateremka ubavuni mwa injini, likasukumwa nyuma na upepo wa mwendo, likatambaa juu ya bamba la kinga lililofungwa chini ya gari, kisha likadondoka kupitia tundu la kwanza lililolikuta. Ndiyo maana doa linaweza kuwa chini ya giaboksi ilhali oili inatoka juu kabisa, kiganja kimoja tu kutoka kifuniko cha kujazia.

Naanza hapo kwa sababu swali linaloulizwa sana, "nimimine dawa ya kuzuia kuvuja au nibadilishe gasketi, kile kipande kinachobanwa kati ya vyuma viwili ili oili isipite?", halijibiki kabla hujajua oili inatoka wapi. Kila njia nitakayoitaja ina mahali inapofaa, na ina mahali inapoharibu. Ukubwa wa doa hauamui chochote.

Niliwahi kuambiwa na fundi kwamba sili ya nyuma ya krenki, yaani pete ya mpira inayozuia oili pale shafti kuu ya injini inapotokea nyuma, imekufa, kwa hiyo giaboksi ishushwe. Kwenye SUV ya dizeli yenye magurudumu manne yanayovuta, kushusha giaboksi si kazi ya mchezo: inateremka pamoja na transfa kesi (inayogawa nguvu mbele na nyuma), na propela zote mbili, shafti zinazopeleka nguvu hiyo, zinafunguliwa. Niliomba siku mbili. Nikaosha injini, nikaipuliza poda, nikaiwasha ipate moto. Mstari mweusi ukajitokeza kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), ukashuka nyuma ya injini mpaka kwenye maungio ya giaboksi. Gasketi moja ya mpira na nusu siku ya kazi, giaboksi ikabaki mahali pake. Tangu hapo simshauri mtu kufungua hata bolti moja kabla ya kuosha.

Kabla ya kuchagua: osha, kausha, tazama

Injini ikiwa imepoa, funika altaneta na viungio vya nyaya kwa mfuko wa plastiki, nyunyiza dawa ya kuondoa grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji kidogo yasiyo na shinikizo kubwa, acha ikauke kabisa. Pulizia poda ya mwili sehemu unazozishuku. Endesha dakika 15 hadi 20, zima, chukua tochi. Poda itakuwa imelowa na kugeuka rangi kwenye njia ya oili. Fuata unyevu kwenda juu na kwenda mbele, maana oili huteremka na upepo huirudisha nyuma. Sehemu iliyolowa ambayo iko juu na mbele kuliko nyingine zote ndiyo chanzo. Kama mvujo ni mdogo sana, ipo rangi maalumu inayochanganywa na oili na kung'aa chini ya taa ya zambarau. Hiyo humaliza ubishi.

Hakikisha pia kwamba ni oili ya injini. Ya dizeli hugeuka nyeusi mapema kwa sababu ya masizi. Nyekundu au ya waridi mara nyingi ni ya giaboksi otomatiki au ya usukani. Nzito yenye harufu kali ya kiberiti ni ya difu au giaboksi ya mkono. Nyepesi yenye harufu ya mafuta ya taa ni dizeli yenyewe, na hapo chunga mikono yako: mabomba ya injekta kwenye injini za kisasa hubeba shinikizo linaloweza kufika baa 2,000, na mchirizi mwembamba wa namna hiyo hupenya ngozi. Usipapase mabomba hayo injini ikiwa inaunguruma.

Halafu kuna kipimo ambacho watu hukiruka, na kwa dizeli mimi nakiona kikubwa kuliko vyote. Injini lazima ipumue. Sehemu ya moshi wa mlipuko hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia chini, kwenye chumba cha krenki. Bomba la kupumulia huutoa moshi huo, huutenganisha na ukungu wa oili, na kuurudisha upande wa hewa inayoingia. Kwenye dizeli, masizi na ukungu huo hugandamana kuwa tope, na tope huziba bomba au valvu yake. Moshi ukikosa njia, shinikizo hupanda na kusukuma oili kupitia sehemu iliyo dhaifu kuliko zote. Utabadilisha gasketi ya juu, oili itatokea kwenye sili ya mbele. Utabadilisha sili ya mbele, itatokea kwenye kijiti cha kupimia.

Jaribu hivi: injini ikiwa ya moto na ikiunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili na ukiweke kinyume juu ya tundu lake. Kikitetemeka kidogo, hiyo ni kawaida. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo yenye nguvu, safisha au badilisha mfumo wa kupumulia kwanza. Kama baada ya hapo bado kinarushwa, shuku ringi zilizochakaa, na hakuna gasketi itakayokusaidia kwa muda mrefu. Angalia pia kijiti cha kupimia. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu huongeza shinikizo na kuvuja. Kwenye gari lenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi, oili inaweza kupanda yenyewe kwa kuchanganyika na dizeli wakati wa kuchoma masizi, na oili iliyozimuliwa hivyo ni nyepesi na huvuja upesi zaidi.

Kuacha na kuongeza oili, au kutengeneza sasa

Kuacha si uzembe kila mara. Sampu (beseni la oili chini ya injini) ya gari la zamani inayotoa jasho, yaani imelowa vumbi lililoganda lakini haidondoshi, inaweza kukaa miaka hivyo. Pima oili kila wiki gari likiwa limesimama pasipo mteremko, andika kilomita na kiasi ulichoongeza. Kwenye magari mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takriban lita moja, kwa hiyo utajua haraka kama hali inabadilika. Weka sinia chini ya gari. Oili iliyotumika haipaswi kufika kwenye udongo wala mfereji.

Kuna mvujo ambao hauachwi hata kwa siku moja. Oili inayodondokea ekzosi au turbo inaweza kuwaka. Harufu ya kuungua ikiingia ndani ya gari unaposimama, au moshi mwembamba ukitokea chini ya boneti, usiendelee kuendesha. Oili inayofika kwenye mkanda wa taimingi au wa altaneta hulainisha mpira wake mpaka ukatike, na mkanda wa taimingi ukikatika valvu hukutana na pistoni. Oili inayoingia kwenye klachi huifanya iteleze. Mvujo unaotokea kwenye swichi ya shinikizo la oili nao ni wa kutazamwa vizuri, kwa sababu nyuma yake kuna oili yenye shinikizo, na swichi hiyo ikiachia unaweza kupoteza oili nyingi ndani ya dakika chache. Taa nyekundu ya oili ikiwaka unapoendesha, simama na uzime injini hapo hapo. Usijaribu kufika nyumbani kwanza.

Chupa ya dawa, au sili mpya

Dawa za kuzuia kuvuja zinavutia kwa sababu hazihitaji spana. Nyingi zina kemikali zinazolainisha mpira uliokakamaa na kuuvimbisha kidogo, ili mdomo wa sili ubane tena krenki au kamshafti. Ukilielewa hilo, utajua zinafaa wapi: kwenye sili za mpira zilizokauka kwa umri, zinazotoa tone moja moja. Haziwezi kufanya lolote kwenye gasketi ya koki (gome la mti kama la vizibo vya chupa) au ya karatasi iliyopasuka, kwenye maungio yaliyozibwa kwa silikoni, kwenye bolti iliyolegea, wala kwenye sampu yenye ufa. Sili iliyochanika au iliyochimba mfereji kwenye shafti nayo haitarudi.

Sili mpya hurudisha mpira wenye umbo lake na chemchemi yake. Dawa huongeza muda wa mpira wa zamani, wakati mwingine miezi, wakati mwingine kidogo kuliko hapo. Inahitaji pia siku kadhaa za kuendesha kabla hujaona kama imefanya kazi, kwa hiyo anayeimimina leo na kutazama sakafu kesho anajidanganya, iwe amefurahi au amekata tamaa.

Mimi naikubali chupa katika hali moja tu: sili ya nyuma ya krenki, ambayo kuifikia ni kushusha giaboksi, inapotoa tone dogo, na gari linakaribia kubadilishwa klachi. Hapo dawa inakununulia muda mpaka giaboksi ishuke kwa sababu nyingine, na sili ibadilishwe wakati huo huo. Nje ya hapo, naona ni kuahirisha.

Soma kibandiko. Epuka dawa yenye chembechembe za kuziba. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, na bomba linaloipelekea oili ni jembamba. Kinachoziba tundu usilolitaka kinaweza kuziba na hilo. Gari lenye kichujio cha masizi lina sababu ya pili ya kuwa mwangalifu: hutumia oili yenye majivu machache, na dawa isiyolingana na oili hiyo inaweza kuongeza majivu yanayojaza kichujio.

Kukaza bolti, silikoni, au gasketi

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani hushinda au huharibika, basi tukae kidogo.

Kukaza ni jaribio la kwanza na ni halali, kama tu utakaza kwa kipimo. Bolti za tapeti kava ni ndogo, na kwenye injini nyingi hukazwa kwa Nm (newtoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 8 hadi 12 tu. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Kwa mkono uliozoea nati za magurudumu, ni rahisi kupita kiwango hicho bila kuhisi. Ukipitisha, gasketi hukamuliwa nje, kava ya plastiki hupinda au kupasuka, bolti hukatikia kwenye alumini. Kwa hiyo kama unazo fedha za kununua kifaa kimoja kwa kazi hii, nunua spana ndogo ya torki, inayopima nguvu ya kukaza. Kama bolti zilikuwa kwenye kipimo na oili bado inatoka, gasketi imechoka. Kuendelea kukaza hakutaifufua.

Silikoni ya kupaka kwa nje, juu ya mvujo, ndiyo ninayoipinga waziwazi. Haishiki kwenye chuma chenye oili, na sehemu inayovuja ina oili daima, hata baada ya kuifuta, kwa sababu oili inaendelea kutoka nyuma ya kile unachokipaka. Itakaa siku chache, kisha itabanduka kama ganda. Wakati huo itakuwa imekufichia chanzo, na atakayekuja kufanya kazi sawasawa atatumia saa nzima kuikwangua.

Silikoni inayopakwa ndani ya maungio ni jambo jingine kabisa. Injini nyingi za sasa hutoka kiwandani sampu ikiwa imefungwa kwa silikoni peke yake, bila gasketi ya kukatwa, na hapo ndiyo kifaa sahihi. Masharti yake ni usafi na kiasi. Kwangua mabaki yote ya zamani kwa kikwangulio cha plastiki, maana cha chuma huchimba alumini na kila mchimbo ni njia ya oili. Futa kwa kisafishaji cha breki mpaka kitambaa cheupe kibaki cheupe. Pitisha mstari mmoja usiokatika wa milimita 2 hadi 3, ukizunguka upande wa ndani wa kila tundu la bolti. Funga kabla juu yake hapajaanza kukauka, mara nyingi ndani ya dakika 10 hivi, kisha uache mpaka ikauke vizuri kama tyubu inavyoelekeza. Kwa aina nyingi ni saa 24. Usije ukarudi kukaza tena ikishakauka, utavunja mshiko wake.

Kuhusu kiasi, wengi hudhani nyingi ni salama zaidi. Silikoni inayojikamua kuelekea nje unaiona. Inayojikamua kuelekea ndani huioni. Ile ya ndani hukatika vipande, huelea kwenye oili, na mwisho hukaa kwenye wavu wa bomba linalonyonya oili kutoka sampu. Wavu ukiziba, shinikizo hushuka, na vinavyoumia kwanza ni turbo na biringi za krenki. Umetengeneza tone, umepoteza injini.

Gasketi ya mpira iliyofinyangwa kwa umbo la injini yako ndiyo chaguo langu kila inapopatikana, hasa kwenye tapeti kava. Hukaa kwenye mfereji wake, haihitaji kusubiriwa ikauke, na siku nyingine ukitaka kufungua haikusumbui. Iwekwe kavu. Silikoni inaruhusiwa tone dogo tu kwenye kona ambazo vyuma viwili hukutana, kwa mfano pale kava ya taimingi inapogusa silinda hedi, na kwenye kingo za vizibo vyenye umbo la nusu-mwezi. Gasketi ya koki nayo ni nzuri kwenye kava za bati za injini za zamani, kwa kuwa husamehe bati lililopinda kidogo, ila hujikandamiza baada ya joto la mara chache na kuhitaji kuangaliwa torki tena. Kwenye kava ya bati weka pia uso wake juu ya kioo au meza iliyonyooka: kama unayumba, nyoosha kwanza.

Nyumbani au gereji

Ukishajua mahali, uamuzi huu unakuwa mwepesi. Mtu mwenye spana za kawaida na subira anaweza kubadilisha mwenyewe washa (pete bapa) ya nati ya kumwagia oili, filta, swichi ya shinikizo, na kwenye injini nyingi tapeti kava. Nati ya kumwagia haihitaji nguvu zaidi, inahitaji washa mpya ya shaba au alumini. Kwenye filta, hakikisha mpira wa filta ya zamani haukubaki umegandia kwenye injini, kwa sababu mipira miwili ikipandana oili humwagika yote mara tu unapowasha. Paka mpira mpya oili, zungusha mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono.

Tapeti kava kwenye baadhi ya injini za dizeli hupitiwa na injekta, au haitoki mpaka mabomba ya shinikizo kubwa yafunguliwe. Mabomba hayo yakifunguliwa, punje moja ya mchanga ikiingia huharibu injekta, na watengenezaji wengi huagiza mabomba mapya yatumike. Ukikuta hivyo, fikiria gereji bila aibu. Gasketi za kipozeo cha oili na hauzingi (nyumba) ya filta ziko katikati: kazi yenyewe si ngumu, ila mara nyingi zimezikwa chini ya bomba za hewa, na maji ya radieta humwagwa pia. Mabomba ya oili ya turbo yanawezekana nyumbani kama yanafikika, kwa washa mpya za shaba na gasketi mpya ya bomba la kurudishia.

Sampu inategemea gari. Kwenye SUV nyingi difu ya mbele au mhimili wa chini huizuia kutoka, na kuishusha kunadai kuinua injini. Sili ya mbele ya krenki inadai puli itolewe, na bolti yake imekazwa kwa nguvu nyingi mno. Kama iko nyuma ya mkanda wa taimingi, ifanywe siku mkanda unapobadilishwa. Sili ya nyuma ni ya gereji, na kabla ya kumpelekea fundi, mwonyeshe picha za poda ili asikisie.

Gari la aina hii mara nyingi huwa na tani mbili au zaidi. Usilale chini yake likiwa juu ya jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Sakafu ngumu isiyo na mteremko, vizuizi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, stendi mbili zenye uwezo unaozidi uzito huo chini ya chesisi, kisha lisukume kwa nguvu kabla hujaingia. Ni kweli SUV iko juu, na mvujo mwingi wa mbele unafikika bila kuinua chochote. Kama unafikika hivyo, usiinue. Vaa glovu, kwa sababu oili iliyotumika ikizoea ngozi yako miaka mingi inaweza kuleta saratani ya ngozi.

Kazi ikiisha, jaza oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, washa, na uache iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta mpaka taa ya oili izime na turbo ipate oili. Piga tochi sehemu uliyofunga. Zunguka kilomita chache, zima, subiri dakika 10, pima upya. Usiku tandika boksi safi chini ya injini, na uchore juu yake mahali ilipo tairi ya mbele ya kulia, ili tone likionekana asubuhi ujue ni la upande upi.